Saratani ya Matiti kwa Wanawake Waliotibiwa Limfoma kwa Mionzi

Limfoma ya Hodgkin ni saratani ya mfumo wa limfu inayowapata vijana kwa wingi. Mara nyingi huanza kwa mitoki isiyouma shingoni au kwapani. Wagonjwa wengi wanaotibiwa ipasavyo hupona. Hata hivyo, tiba yenyewe inaweza kuacha athari zinazojitokeza miaka mingi baadaye. Kwa mwanamke aliyepewa mionzi ya kifua akiwa msichana, mojawapo ya athari hizo ni saratani ya matiti.

Chanzo cha hatari

Kuanzia miaka ya 1960, kutokana hasa na kazi ya Dkt. Henry Kaplan wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wagonjwa walipewa mionzi katika eneo pana la shingo, kwapa na kifua, kwa kipimo cha takriban Grei 40. Maisha ya wengi yaliokolewa, lakini sehemu ya matiti ilikuwa ndani ya eneo hilo. Mionzi inayoua seli za saratani hujeruhi pia seli zenye afya zilizo jirani. Baadhi ya seli hizo hubaki hai zikiwa na kasoro katika vinasaba, na kasoro hiyo inaweza kuzaa saratani. Titi la msichana wa kati ya miaka 10 na 30 hudhurika zaidi, kwani seli zake bado zinakua na kugawanyika.

Ukubwa wa hatari

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban wanawake 30 kati ya 100 waliopewa mionzi ya kifua kutibu saratani za utotoni walipata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 50. Hatari hiyo inakaribiana na ya wanawake waliorithi kasoro ya jeni ya BRCA1. Huanza kupanda takriban miaka 8 baada ya tiba na hudumu kwa miongo kadhaa. Hupungua kwa wanawake ambao ovari zao ziliacha kufanya kazi mapema, kwa kuwa homoni za ovari huchochea seli za matiti.

Kosa la kuepuka

Mwanamke wa miaka 32 mwenye uvimbe kwenye titi huweza kuambiwa kuwa bado ni mdogo mno kupata saratani. Kwa aliyewahi kupewa mionzi ya kifua, kauli hiyo ni ya hatari: hesabu yake huanzia mwaka wa tiba. Kwa hiyo mhudumu wa afya anapaswa kumwuliza kila mwanamke mwenye tatizo la titi kama amewahi kutibiwa kwa mionzi.

Miongozo ya Marekani inashauri mamografia na picha ya MRI kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 25 au miaka 8 baada ya mionzi, kutegemea kipi kinatangulia kuchelewa zaidi, yaani kile kinachofika mwisho. MRI husaidia kwa sababu matiti ya vijana ni mazito na mamografia peke yake huweza kukosa uvimbe. Mionzi ya mamografia ni kidogo sana ikilinganishwa na ile ya tiba.

Kugundua mapema kuna uzito wa pekee hapa, kwa kuwa njia za matibabu ni finyu. Kifua kilichokwisha kupokea mionzi mara nyingi hakiwezi kurudiwa bila madhara, hivyo wengi huondolewa titi lote. Aliyewahi kupewa doksorubisini huenda asiweze kuongezewa kipimo kikubwa, kwa kuulinda moyo.

Siku hizi mionzi hutolewa kwa kipimo kidogo na katika eneo dogo zaidi. Mgonjwa wa limfoma asiikatae pale inapohitajika. Anapomaliza tiba, apewe maandishi yanayotaja mwaka, eneo la mwili, kipimo cha mionzi na dawa alizopewa, ayatunze na kumwonyesha kila daktari atakayemhudumia.