Una Deni la Zamani na Unataka Nyumba Bunia? Anzia Hapa

Mikopo mingi iliyokufa mjini Bunia haikuuawa na uvivu wala ulaghai. Tangu vita viliporudi katika teritwari jirani ya Djugu mwezi Desemba 2017, mfanyabiashara wa barabara ya Mahagi aliweza kupoteza mzigo wake wote kwa safari moja. Mama aliyekuwa akileta samaki kutoka Tchomia na Kasenyi aliweza kukuta wateja wamekimbia, na yeye mwenyewe amehamia kwa ndugu zake katika kartie ya Mudzipela na watoto wote. Mtaji uliondoka, deni likabaki. Leo mtu huyohuyo ameanza tena kidogokidogo, amechoka kulipa kodi ya kila mwezi, anatamani nyumba yake. Anaingia benki, karani anatazama kompyuta, jibu linakuwa hapana.

Kuhamia benki nyingine hakusaidii sana. Benki Kuu ya Kongo ina daftari la pamoja, lile wafanyakazi wa benki wanaloliita Centrale des risques, ambamo taasisi za fedha hupeleka habari za wakopaji wao. Aliyeshindwa kulipa kwa taasisi moja anaweza kuonekana kwa nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze kwa kuomba mkopo mkubwa wa nyumba. Anza na deni la zamani, kisha karatasi za kiwanja, kisha ujenge kwa mikopo midogo, hatua kwa hatua. Ni njia ndefu, lakini nyumba inabaki mkononi mwako.

Nenda mwenyewe kwenye ofisi uliyokopa, hata kama unaona haya. Omba hesabu iliyoandikwa, yenye mtaji uliobaki, riba na faini kila kimoja peke yake. Mara nyingi faini ndiyo imevimbisha deni, na faini ndiyo meneja anaweza kuipunguza kwa urahisi zaidi. Peleka kila ushahidi wa kilichokupata: karatasi ya shefu wa kartie au ya polisi, orodha ya mali iliyoteketea, karatasi ya kambi ya wakimbizi wa ndani kama uliishi huko. Kisha taja kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa. Dola 20 zinazofika kila mwezi zitamshawishi meneja kuliko ahadi ya 100. Lipa kwenye gishe, usimpe afisa wa mikopo pesa mkononi, hata awe jirani yako, na kila mara ondoka na bordero. Ukimaliza, dai barua inayosema deni limefungwa, na uombe taasisi ipeleke habari hiyo Benki Kuu. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho, halafu baada ya miaka wanashangaa jina lao bado ni chafu.

Kama mdai anakutishia gereza, elewa kwamba kushindwa kulipa mkopo ni jambo la madai. Kongo iliridhia mwaka 1976 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza mapatano. Ulaghai ni jambo lingine. Lakini hali ya dharura iliyotangazwa Ituri Mei 2021 haikumpa mdai ruhusa ya kutuma askari kukusanya deni lake.

Sasa jambo ninaloliogopa kuliko yote. Benki ikikataa, watu wanakimbilia banki Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani. Tuseme anakupa dola 200 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Baada ya miezi sita umeshamlipa 360, na zile 200 bado unadaiwa zote. Hilo peke yake ni baya. Baya zaidi ni dhamana anayoitaka: anakuomba utie sahihi karatasi ya kuuza kiwanja, eti ni ya kumtuliza tu, ataichana ukimaliza kulipa. Usitie sahihi. Karatasi hiyo haitaji mkopo popote. Siku ukichelewa, yeye ni mnunuzi na wewe ni mpangaji katika nyumba yako.

Rehani halali inapita njia nyingine kabisa. Inaandikwa rasmi na kusajiliwa kwenye hati ya kiwanja. Na chini ya sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika Kongo tangu Septemba 2012, mkopeshaji haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba nyumba unayoishi itakuwa yake moja kwa moja ukishindwa. Lazima apite katika utaratibu wa mahakama. Kama kuna mtu tayari ana karatasi kama hiyo yenye sahihi yako, tafuta wakili mapema, ukiwa na stakabadhi na mashahidi wanaojua kwamba ulikopa.

Hapo ndipo hati inapoonyesha thamani yake. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri, yaani afisa wa hati za ardhi. Wengi Bunia wana karatasi ya mauzo tu au fishi ya parseli, na kwa hizo peke yake rehani haisajiliwi. Zaidi ya hapo, sertifika ikishatimiza miaka miwili ni vigumu sana kuivunja, kwa hiyo ukisikia mtu amejitengenezea hati juu ya kiwanja chako, usingoje. Na kama unanunua, uliza kwa ukali zaidi katika mji huu kuliko kwingine: mwenye kiwanja yuko wapi? Wapo waliokimbia mapigano ya mwaka 2002 na 2003, na wengine baada ya 2017, wakaacha nyumba zikauzwa na shemeji, na mlinzi, na hata mtu asiyejulikana. Ongea na majirani wa pande zote, na shefu, kisha nenda kadastri na kwa konservateri kabla pesa haijatoka.

Kuhusu kujenga, gawa kazi. Msingi mwaka huu, matofali mwaka ujao, mabati baadaye. Chama cha kuweka na kukopa, wanachokiita AVEC, chenye sanduku la kufuli tatu na mgao mwishoni mwa mzunguko, kinatosha kulipia hatua moja, na daftari lake linaonyesha nidhamu yako hata kama benki bado haikuamini. Ukirudi kwa taasisi ya mikopo midogo, chukua kidogo, lipa, rudi tena. Uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Dola 1,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi 12, zinazaa riba ya 360 kama inahesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo; zinazaa 195 kama inashuka kadiri unavyorudisha mtaji kwa mafungu sawa. Asilimia ni ileile. Na kama unapata faranga, fikiria mara mbili kabla ya kukopa dola.

Kwa wenye ndoa: tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016, ile idhini ya mume iliyodaiwa kwa mke peke yake imefutwa, na mke anaweza kukopa kwa jina lake, ila mume na mke wanatakiwa kukubaliana juu ya mikataba inayowafunga. Jina la mama likiwa safi, familia inaweza kupitia hapo, mradi benki isifichwe deni la baba. Kuuza kiwanja au kukiweka rehani nako kunahitaji wote wawili wakubaliane.

Mkataba utaandikwa kwa Kifaransa. Usiutie sahihi siku hiyohiyo. Omba nakala uende nayo nyumbani, mtafute mtu anayesoma Kifaransa vizuri na asiye na kamisheni katika mkopo huo, akusomee kila ukurasa mpaka penye faini za kuchelewa, kisha urudi ofisini na maswali yako yameandikwa.