Njia Mbili Zinapokuwa Moja

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu ya TANZAM pale Ruanda, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, huona mizigo ya nchi kadhaa ikimpita mbele ya macho. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita yakielekea Tunduma, ambako huvuka mpaka na kuingia Nakonde, Zambia. Mengi huendelea hadi Lubumbashi na kwenye migodi ya Katanga, kisha hurudi na shaba. Hapo Ruanda barabara itokayo Idiwili huungana na barabara kuu, ikileta abiria na kahawa ya Mbozi. Barabara kuu yenyewe ilijengwa kwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuipatia Zambia njia ya kufikia bahari, nayo kwa sehemu kubwa ilipewa njia moja ya kwenda na njia moja ya kurudi. Kwa hiyo popote inapopanuliwa, iwe mlimani ili malori mazito yapitwe, iwe mjini penye taa za kuongozea magari, upanuzi huo hauna budi kufika mwisho, na njia mbili zilizokuwa zikielekea upande mmoja hurudi kuwa moja.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Dereva aliyekaa katika foleni ndefu humwona mwenzake akija kwa njia ya pili iliyo tupu, akimpita, kisha akitaka kuingia mbele. Mara moja hulisogeza gari lake na kuliziba pengo. Honi hupigwa, tanboi hutoa kichwa dirishani, maneno hurushwa. Watu wengi huliona jambo hili kuwa la tabia tu: mwenye adabu hujiunga na foleni mapema, asiye na adabu huenda hadi mwisho. Hesabu, hata hivyo, husema vingine, na yafaa ifuatwe hatua kwa hatua, kwa kuwa haihitaji elimu zaidi ya ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Shingo ya kibuyu

Kibuyu hakimimini maji kwa wingi kwa sababu tumbo lake ni kubwa. Kinachoamua ni shingo. Zaidi ya hayo, mtu akikipindua kibuyu kwa pupa, maji na hewa hugombea shingo ileile, na maji hutoka kwa kusitasita. Akikiinamisha taratibu, hewa hupata nafasi ya kuingia juu ya maji, na maji hutoka mfululizo. Kila mwanafunzi aliyewahi kutumwa kisimani amekwisha kulifanya jaribio hili bila kuliita jaribio.

Barabarani mambo ni hayo hayo. Magari madogo yafuatanayo vizuri katika njia moja hupishana kwa sekunde 2 hivi, zikihesabiwa tangu pua ya gari moja hadi pua ya gari lifuatalo. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi shingo ya njia moja hupitisha magari yapatayo 1,800 kwa saa. Idadi hiyo haiongezeki kwa sababu nyuma kuna njia mbili, wala kwa sababu dereva fulani ana haraka. Dereva mmoja akiingia mbele ya mwingine, wawili hao wamebadilishana nafasi tu; shingo haikupata wala kupoteza kitu. Hupoteza pale pengo la sekunde 2 linapogeuka kuwa la sekunde 5 au 6, kwa sababu madereva wawili wamezuiana na kubaki wakitazamana. Hasara hiyo hailipwi na hao wawili peke yao, bali na kila mtu aliye nyuma yao.

Ghala baina ya taa na shingo

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini basi wahandisi huweka njia mbili kwenye taa, ilhali wanajua kwamba mbele kidogo itabaki moja? Je, si kuwachonganisha watu bure?

Ichukuliwe taa ambayo mzunguko wake mzima ni sekunde 90, na kati ya hizo rangi ya kijani huwaka kwa sekunde 40. Katika saa moja kuna mizunguko 40. Madereva wote wakijipanga katika njia moja, kila mzunguko hupitisha magari 20, yaani 800 kwa saa. Wakijipanga katika njia zote mbili, kila mzunguko hupitisha magari 40, yaani 1,600 kwa saa. Shingo iliyo mbele haina taa. Yenyewe hufanya kazi wakati wote, na katika sekunde 90 yaweza kupitisha magari 45. Magari 40 huipita bila taabu.

Siri ya hesabu hii ni kipande cha barabara kilicho baina ya taa na shingo. Katika zile sekunde 40 za kijani shingo hupitisha magari 20 tu. Mengine 20 hubaki katika kipande hicho, 10 kwa kila njia, nayo huendelea kupungua wakati taa nyuma yao imekwisha kuwa nyekundu. Gari dogo likichukua mita 7 pamoja na nafasi iliyo mbele yake, magari 10 yanahitaji mita 70. Kipande hicho ni ghala: hupokea magari wakati wa kijani, na kuyatoa wakati wa nyekundu. Dereva ahamiaye njia moja kabla ya kufika kwenye taa, akidhani anawatendea wenzake mema, analiacha ghala hilo wazi na kuitupa nusu ya muda wa kijani. Ni kweli kwamba hesabu hii imeacha kando zile sekunde chache zipotezwazo na gari la kwanza katika kung'oka. Lakini zikiingizwa, idadi zote mbili hupungua kwa kadiri moja, na uwiano wa moja kwa mbili hubaki.

Madaraja ya juu huondoa taa, hayaondoi shingo. Malori yaendayo Tunduma yalikuwa yakisubiri taa za Ubungo, jijini Dar es Salaam, hadi daraja la Kijazi lilipofunguliwa mwaka 2021. Huku kusini-magharibi, kipande cha kilometa 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2023, kilipangwa kuwa cha njia nne. Mahali njia hizo zikomapo, dereva aelekeaye Mbozi hukutana na shingo, pawe na taa au pasiwe na taa.

Wimbi liendalo nyuma

Mwaka 2008 wanasayansi wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya walitangaza matokeo ya jaribio jepesi sana. Magari 22 yaliwekwa katika duara lenye mzingo wa mita 230, na madereva wakaombwa waende kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa bila kusimama. Hapakuwa na taa, wala shingo, wala mchomekeaji. Baada ya muda mfupi magari kadhaa yalisimama kabisa, na kule kusimama kukaanza kusafiri kinyume cha magari yenyewe, kwa mwendo wa kilometa 20 hivi kwa saa.

Sababu yake ni kwamba jicho na mguu wa binadamu huchelewa. Dereva wa mbele akigusa breki, wa pili huona baada ya sekunde moja hivi, naye hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi kidogo. Wa tatu zaidi yake. Hatimaye mmoja husimama. Yule aliyeanzisha ameshakwenda zake, na hatajua kamwe alilolifanya. Kwenye shingo wimbi la namna hii huzaliwa kila dereva mmoja anapoingia ghafula au mwingine anapoziba pengo ghafula. Kwa upande wa shingo makosa hayo mawili ni sawa, ingawa katika mabishano ya barabarani la kwanza ndilo lilaumiwalo kila mara.

Lori si gari dogo

Hadi hapa magari yote yamehesabiwa kuwa sawa. Katika barabara ipitayo Ruanda hesabu hiyo haitoshi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu lori lenye ekseli 7 liwe na uzito wa jumla wa tani 56. Kimondo cha Mbozi, ambacho wanafunzi wa wilaya hiyo hupelekwa kukitazama, hukadiriwa kuwa na tani 16. Lori moja ni sawa na vimondo vitatu na nusu vikiwa juu ya magurudumu.

Nishati mwendo ni nusu ya tungamo, ikizidishwa kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Lori la kilogramu 56,000 likienda mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, lina jouli 2,800,000. Pikapu ya kilogramu 2,000 kwa mwendo huo huo ina jouli 100,000 tu. Dereva wa pikapu anapomlazimisha dereva wa lori asimame, nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto katika breki, kisha hununuliwa upya kwa dizeli. Lita moja ya dizeli ina jouli zipatazo milioni 36, na injini huzigeuza theluthi moja hivi kuwa kazi yenye manufaa. Kwa hiyo kila kusimama na kuanza tena namna hiyo hula karibu robo ya lita.

Muda nao huongezeka. Ikiwa mchapuko wa lori lililojaa ni mita 0.3 kwa sekunde kwa sekunde, basi lori lenye urefu wa mita 20 likianza kutoka kusimama huhitaji sekunde 11 na nusu ili kupita urefu wake lenyewe. Gari dogo lenye mchapuko wa mita 1.5 huhitaji sekunde 5 kwa umbali huo huo. Ni dhahiri basi kwamba lori ambalo bado linajongea polepole lapaswa kupewa nafasi kabla halijasimama. Kwa zamu lihesabiwe moja; kwa nafasi lihesabiwe tatu.

Aidha, pengo lililo mbele ya lori si nafasi iliyosahauliwa. Kwa kila mita 100 ambazo lori la tani 56 huteremka kwa wima, breki na injini hulazimika kuzuia jouli zipatazo 56,000,000, ambazo ni mara 20 ya zile za kusimama zilizotajwa juu. Lori lililomaliza mteremko kama ule wa Senjele laweza kufika chini breki zikiwa moto, na nguvu zake zimepungua. Mtu achomekeaye mbele yake mahali kama hapo huenda analitumia pengo ambalo dereva wa lori analihitaji kwa ajili ya uhai wa wote wawili.

Zamu kwa zamu

Nchini Ujerumani sheria ya barabarani imeliandika jambo hili wazi: njia moja inapokoma, magari yaiendee hadi karibu na mwisho wake, kisha yaingie moja moja kwa zamu, kama meno ya zipu. Hakuna anayeruka foleni, kwa kuwa foleni ni mbili na zinaisha mahali pamoja. Kanuni hii hufaa palipo na msongamano na mwendo mdogo. Barabara ikiwa nyeupe na magari yakienda kasi, ni bora dereva ajiunge mapema, akiwa amewasha taa ya ishara, mahali popote anapoona nafasi ya kutosha. Kukimbilia mwisho wa njia kwa kilometa 80 kwa saa ni kujitafutia ajali.

Wala kanuni ya zamu isichanganywe na makutano. Dereva atokaye Idiwili na kufika Ruanda haingii katika njia inayokoma. Anaingia katika barabara kuu, naye hana budi kusubiri. Kupishwa kwake ni hisani, si haki.

Lililo mbali zaidi na zamu ni kutanua. Foleni ya malori yaendayo Tunduma imewahi mara nyingi kutandaa kilometa kadhaa, na wakati kama huo wako madereva ambao hushika ukingo wa barabara au njia ya wanaorudi. Hiyo si njia ya pili. Ni shingo ya watu wengine. Malori yaliyokwisha kushughulikiwa mpakani yakikosa pa kutokea, nafasi mpakani hazifunguki, na foleni ile aliyoikimbia mtanuaji husimama kabisa, naye akiwa ndani yake. Na pasipo foleni, magari mawili yanayoelekeana kwa kilometa 80 kwa saa kila moja hukaribiana kwa mita 44 kila sekunde.

Zoezi

Wanafunzi, wakiwa na mwalimu wao na wakisimama mbali na lami, wapime kwa saa muda upitao baina ya pua ya gari moja na pua ya lifuatalo, kwanza kwa magari madogo, kisha kwa malori, na watafute wastani wa kila kundi. Halafu walifanyie kazi swali hili: taa ina mzunguko wa sekunde 120, kijani ni sekunde 30, njia ni mbili, na umbali kutoka taa hadi shingo ni mita 42. Magari yote yakiwa madogo, ni mangapi yatapita taa katika mzunguko mmoja? Wengi watajibu 30. Jibu ni 27, kwa kuwa shingo hupitisha 15 wakati wa kijani, na ghala lina nafasi ya magari 12 tu. Hesabu irudiwe kila gari la tatu likiwa lori la mita 20, kwa kutumia wastani uliopimwa na darasa lenyewe.