Dondoo muhimu: Ngazi ya baleti kwa kijana anayeanza

Kijana wa Birere, mtaa wa mji wa Goma, mwenye miaka 14 au 15 anayetaka kuanza baleti mara nyingi ni mchezaji tayari: ndombolo harusini, au hip hop ya vituo vya sanaa vya Goma kama Yolé!Africa. Sikio lake limeshakomaa kwa mdundo. Miguu ndiyo haijazoea kugeuzwa nje kuanzia kwenye nyonga. Basi ngazi yake ni ya kwanza, hata akiwa nyota wa mtaa, ila pamoja na vijana wenzake, si watoto wa miaka 7.

Kipimo ni plie, yaani kukunja magoti miguu ikiwa imegeuzwa nje. Magoti yakikunjwa, yafuate mwelekeo wa vidole vya miguu; yakiangukia ndani, asipande ngazi. Viatu vya ncha ngumu husubiri miaka kadhaa ya mazoezi, na mwenye kauli ni mwalimu, si muuza viatu.

Sakafu nayo ichunguzwe. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya lava, na saruji iliyomwagwa juu yake haina mnepo; miruko mingi hapo huumiza miundi. Mbao ni bora. Zikikosekana, miruko iwe michache.

Mwalimu anayemruhusu mgeni kutazama somo moja kabla ya kulipa apewe nafasi ya kwanza.