DAWA YA KUUA WADUDU: MAJANI MAZURI, HATARI ILIYOFICHWA



Wengi wetu tunafikiri hatari ya kazi inakaa shimoni tu: jiwe linaloanguka, vumbi, baruti. Lakini mfanyakazi akitoka kazini anabeba pompi mgongoni na kupulizia viazi na kabichi kwenye vilima vya Butembo, ao kakao upande wa Beni. Wengine kazi yao ni kutunza majani ya uwanja wa mpira na ya mbele ya ofisi. Pale kapita hayupo wa kuuliza kama umevaa vizuri. Kwa hiyo tusome pamoja somo hili.

1. Mfano wa uwanja wa golf

Waliofika Lubumbashi wanajua mtaa unaoitwa Golf. Mchezo wa golf unataka majani mafupi, ya kijani, bila doa. Kwa kuyalinda, watunzaji wa viwanja vya namna hiyo katika nchi nyingi walizoea kumwaga dawa nyingi.

Mwaka 1984, karibu na mji wa New York, Marekani, uwanja mmoja wa golf ulitiwa dawa inayoitwa diazinoni. Mabata ya porini yalishuka kula majani yale. Mabata 700 hivi yalikufa. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ilikataza diazinoni kwenye viwanja vya golf na kwenye mashamba ya majani ya kuuza.

Wale watunzaji hawakutaka kuua ndege. Walimtazama mdudu peke yake, hawakuuliza nani mwingine anakula majani yale. Sisi tujiulize: kwetu nani anakula majani? Ni mbuzi, sungura na kobayi. Mtoto anatumwa kutafuta majani ya kobayi, naye anakata pale yalipo mabichi na mazuri. Kama uwanja ulipuliziwa jana na hakuna alama, yeye atajuaje?

2. Dawa inaingia namna gani mwilini

Inaingia kwa njia tatu: mdomo, pumzi na ngozi. Watu wanaogopa mdomo, lakini mpuliziaji anaumizwa zaidi na ngozi. Pompi ikivuja mgongoni, shati inalowa, na dawa inapita polepole bila maumivu.

Diazinoni ni ya jamii ya organofosfate. Mwilini mwetu mshipa wa fahamu unatuma habari kwa musuli: «Fanya kazi!» Kisha kitu kingine cha mwili kinazima ile habari ili musuli upumzike. Dawa ya jamii hii inakizuia kile kizimaji. Basi habari haizimiki: jasho na mate vinatoka ovyo, tumbo linakata, musuli inatetemeka, mwisho pumzi inakatika.

Mtu mwenye kichwa kuuma, kutapika na jasho anasema: «Ni malaria.» Anameza kinini na kulala. Lakini kama alipulizia dawa siku ile, mtazame machoni. Mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, na mate yanamtoka, usingoje. Ukifika dispansere, jambo la kwanza la kusema ni hili: «Alikuwa anapulizia dawa.»

3. Kwanza uliza: dawa inahitajika kweli?

Mtunzaji mzuri hapulizii kwa kufuata kalenda. Anachunguza kwanza.

Kwa majani ya uwanja: usikate zaidi ya sehemu moja ya tatu ya urefu wake kila mara, kwani majani yaliyonyolewa sana yanakuwa dhaifu na yanaitia magonjwa. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili yasilale na maji. Majani mabaya machache yang'olewe kwa mkono. Ukifikiri kuna viwavi, changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika litre 4 za maji, mwaga kwenye metre moja ya mraba, ungoje dakika 10. Kama wapo, wengi watapanda juu. Ukiona mmoja ao wawili tu, acha. Ukiona wengi, tia dawa pale walipo, si uwanja mzima.

Kwa shamba: usipande viazi juu ya viazi, wala baada ya tomati, kwa sababu vinashiriki magonjwa. Okota viwavi vya kabichi kwa mkono vikiwa bado vichache.

4. Kama ni lazima kupulizia

Soma etiketi. Alama ya rangi chini yake inaonyesha ukali: nyekundu ni sumu kali sana, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata kijani si maji ya kunywa. Dawa iliyopimwa sokoni katika chupa isiyo na etiketi usiinunue, hata ikiwa ya bei nafuu. Hujui jina lake, na siku ya ajali munganga naye hatajua. Kumbuka kwamba dawa kadhaa zimekataliwa kwingine: parakwati ilikatazwa katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2007, na mwaka 2025 mataifa yalipatana kuondoa kloripirifosi, isipokuwa kwa kazi chache.

Vaa bote za kauchuku, glavu, suruali ndefu, shati ya mikono mirefu, na funika macho, pua na mdomo. Beni kuna joto kuliko Butembo, na wengi wanavua shati. Afazali upulizie asubuhi mapema kuliko kupulizia kifua wazi. Usifanye kazi upepo ukiwa mkali ao mawingu ya mvua yakiwa yamekusanyika. Usile wala kuvuta sigara. Tundu la pompi likiziba, usilipulize kwa mdomo.

Vilima vyetu vinashusha kila kitu bondeni, pale penye chemchemi na bustani za mboga. Acha angalau hatua 20 bila dawa kandokando ya mto ao chemchemi. Anayeosha pompi yake katika mto Kimemi anawapa sumu watu wote wa chini.

Uwanja uliopuliziwa uwekwe kamba na kitambaa chekundu. Watoto na mifugo wasiingie mpaka siku zilizoandikwa kwenye etiketi zipite. Mboga nazo zina siku zake za kungoja kabla ya kuvunwa.

Wakati wa Ebola, toka 2018 mpaka 2020, sisi wa Butembo na Beni tuliona wapuliziaji wa klorini wakivua nguo zao kwa utaratibu, glavu zikioshwa kabla ya kugusa kitu kingine. Tufuate mfano ule. Lakini pompi ya klorini isitiwe dawa ya wadudu, na dawa hizo mbili zisichanganywe kamwe.

5. Nyumbani

Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto. Mama anayefua avae glavu. Baba aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

Usitie dawa katika chupa ya Fanta ao ya bia. Mtoto mwenye kiu hawezi kusoma mawazo yako. Kidomo kimoja cha parakwati kinaweza kuua, na hospitali yoyote haina dawa ya kuipinga. Ifungie kwa kufuli, mbali na chakula.

Bidoni tupu isafishwe mara tatu, maji yake yarudishwe ndani ya pompi, kisha itobolewe. Isichotewe maji wala kuwekewa mafuta ya mawese. Isichomwe jikoni.

6. Ajali ikitokea

– Mtoe mgonjwa pale penye dawa. Wewe linda mikono yako.
– Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Jicho lioshwe dakika 15.
– Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta.
– Akizimia, mlaze kwa ubavu.
– Mpeleke upesi kwa munganga, na ubebe etiketi. Kwa sumu za organofosfate kuna atropini, lakini inatolewa na wenye kuijua tu.

Maswali ya kujipima

a) Kwa nini mabata yalikufa, na kwetu nani yuko katika hatari ile ile?
b) Ni alama gani machoni inayotenganisha sumu hii na malaria?
c) Nyumbani kwako dawa iko wapi leo, na ndani ya chupa gani?

Swali la tatu halijibiwi kwa mdomo. Simama sasa, uende kutazama.