Jedwali Kwanza, Kompyuta Baadaye: Somo la Kuzamia kwa Sisi wa Ziwani

Juzi usiku hosteli kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja anajiandaa kwenda Zanzibar likizo hii kusomea kuzamia kwa mtungi wa hewa, halafu akirudi aendelee na mazoezi hapa kwetu Ilemela, upande wa Igombe na Kayenze. Akasema, "Mimi majedwali sisomi, mwanangu. Kompyuta naivaa mkononi kama saa, inapiga hesabu zote. Jedwali ni mambo ya wazee." Wengi tukacheka na kumuunga mkono. Mimi nilibadili mawazo nilipochukua kalamu na karatasi.

Tuanze na msingi. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni. Ukizama, mgandamizo unaongezeka, na naitrojeni inayeyuka kwenye damu na misuli. Kadiri unavyokwenda chini na kukaa muda mrefu, ndivyo inavyojaa. Ukipanda haraka inatoka kwa viputo, kama soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa ghafla. Viputo hivyo huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake huko Uingereza, baada ya majaribio kwa mbuzi, walichapisha majedwali ya kumwongoza mzamiaji apande vipi kwa usalama. Jedwali la leo linakuambia: kina hiki, mwisho dakika hizi.

Sasa njoo kwetu. Majedwali ya kawaida yametengenezwa kwa ajili ya baharini, na ukivuka mwinuko wa mita 300 lazima uyarekebishe. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama 0.87 ya ule wa pwani. Kwa hiyo mzamiaji anayetoka majini hapa anarudi kwenye hewa nyepesi zaidi, na viputo vinapata nafasi zaidi ya kujitokeza.

Tupige hesabu. Umezama mita 18. Gawanya kwa 0.87, unapata karibu mita 20.7. Maji yetu hayana chumvi, ni mepesi kidogo, lakini hata ukiyahesabu bado unavuka mita 20. Kwenye jedwali huruhusiwi kushuka, unakwenda kwenye mstari unaofuata, ambao ni mita 22. Jedwali la PADI linatoa dakika 56 kwa mita 18, lakini kwa mita 22 ni dakika 37 tu. Dakika 19 zimeyeyuka, na wewe hujahama hata hatua moja!

Hapo ndipo mwenzangu aliposema, "Kompyuta si inajua hayo yote?" Ni kweli, nyingi zinapima mwinuko zenyewe. Lakini zipo ambazo lazima uziweke kwa mkono. Ukisahau, kompyuta iliyotoka Zanzibar itakupa dakika za baharini bila wasiwasi wowote. Aliyesoma jedwali atashtuka: mbona dakika ni nyingi hivi? Asiyesoma ataamini tu, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho.

Tusiionee kompyuta lakini. Jedwali linachukulia kwamba ulikaa kwenye kina kirefu muda wote, wakati kompyuta inafuatilia kila mita unayopanda na kushuka. Kwa mizamo ya kina tofauti tofauti ni msaada mkubwa. Ukiwa na uwezo, nunua. Ninachosema ni mpangilio: soma jedwali kwanza, panga mzamo wako kwenye karatasi, halafu ingia majini na kompyuta.

Mwinuko haukuachi hata ukishatoka majini. Ukizama leo Igombe, usikimbilie ndege jioni pale Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 ukiwa umezama mara kadhaa. Sababu ni ileile ya hewa nyepesi.

Kwa watu wa ziwani jambo hili linatuhusu sana. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Ziwa hili litahitaji wazamiaji tena, na huenda baadhi yao wakatoka miongoni mwetu. Anayekwenda kuokoa lazima naye arudi salama.

Makala hii haichukui nafasi ya mwalimu, kwa hiyo usiingie majini kwa kuisoma tu. Ila ukifika darasani, mwombe mwalimu akufundishe jedwali hata kama kozi haikulazimishi. Mwenzangu yule ameshakubali. Asubuhi alikuja kuniomba ile karatasi ya hesabu, na mpaka leo hajairudisha.