SOMO LA NYUMBANI: WAZAZI, WATOTO NA SIASA



Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana hawajali tena ujamaa. Vijana nao husema sisi wazee tumeng'ang'ania mambo ya kale. Basi na tuitazame asili ya tofauti hii.

1. Kila rika lina malezi yake. Sisi tulisoma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tulilima shamba la shule, tukaimba umoja na usawa. Watoto wetu walizaliwa baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililolegeza masharti ya uongozi, na baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992. Sisi tulifundishwa kwamba umoja ndio ngao ya taifa. Wao wamekua wakiona watu wakishindana kwa hoja na kwa kura. Tusishangae basi wakiutanguliza uhuru wa kusema.

2. Nasi tulitofautiana na wazazi wetu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, sisi tuliimba shuleni sifa za vijiji vya ujamaa. Baba zetu walikuwa wakiezua nyumba zao, wakiacha migomba yao na makaburi ya wazee wao. Tuliwadhania kuwa ni watu wasiopenda maendeleo. Leo twajua kwamba walikuwa na neno la kusema, ila hatukuwauliza.

3. Wachache nao husikilizwa. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi. Wapatao asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 tu walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na ndivyo ilivyofanyika. Ikiwa taifa liliweza kuwasikia wachache, je, sisi tushindwe nyumbani?

Hapa twakiri kosa letu. Kijana wetu alipoanza kutueleza maoni yake juu ya uchaguzi, tulimkata kauli: "Maneno hayo hayasemwi katika nyumba hii." Akanyamaza. Kwa miezi mingi alikuja kutuamkia, akauliza habari za mvua na mifugo, akaenda zake. Tulikuwa tumepata heshima, tukampoteza mtoto. Mwisho tulimwita tukamwambia, "Mwanetu, tulikosea. Hebu tueleze." Mpaka leo hatukubaliani, lakini sasa akija hukaa mpaka chakula cha usiku.

Mzazi afundishe haki, ukweli na kumjali jirani. Chama atakachochagua mtoto ni siri yake na sanduku la kura.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Wazazi, ni jambo gani la siasa mlilobishana na wazazi wenu?
(b) Vijana, mmewahi kuwauliza wazee waliishije miaka ile?
(c) Ni maadili gani ambayo nyote mnakubaliana?