Mbwa anakula vizuri, mbona anakonda?

Kukonda si ugonjwa, ni dalili. Mbwa anaweza kukimbia, kubweka usiku kucha na kumaliza chakula chote sahanini, na huku mwili wake unaisha polepole. Uchangamfu huo huwadanganya wengi. Husema, "Angekuwa mgonjwa, angelala." Lakini baadhi ya maradhi yanayokondesha mbwa katika sehemu za Kisii na Nyamira huanza kimyakimya. Siku mbwa anapolala na kukataa chakula, mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Juma hili tutapitia sababu hizo moja baada ya nyingine, tukianza na zile za kawaida.

Pima kwanza

Anayemwona mbwa kila siku hatambui upesi kwamba amepungua. Kwa hivyo tumia mikono na mizani. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu za mbwa mwenye afya huhisika bila kubonyeza sana, lakini hazihesabiki kwa macho. Ukiona mifupa ya mgongo na nyonga imechomoza, au nyama ya kichwani imebonyea, amekonda.

Mizani ya kupimia watu inatosha. Simama juu yake ukiwa umembeba mbwa, kisha simama peke yako. Ikiwa wewe una kilo 68 na nyote wawili mna kilo 86, mbwa ana kilo 18. Andika hesabu hiyo kila baada ya majuma mawili. Mbwa akipoteza sehemu moja kwa kumi ya uzito wake bila sababu, yaani kilo 2 kwa mbwa wa kilo 20, anafaa kuonwa na daktari wa mifugo.

Je, anashiba?

Mbwa wengi mjini hulishwa mabaki ya ugali na mchuzi. Ugali hujaza tumbo lakini hauna protini ya kutosha kujenga misuli. Mbwa wa kilo 20 anayelinda boma usiku na kukimbia mchana huhitaji kalori kama 1,000 hadi 1,300 kwa siku. Anayenyonyesha huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kiasi hicho.

Ongeza omena, mayai, au matumbo na mapafu yaliyochemshwa yakaiva. Usimpe mabaki yenye vitunguu vingi, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ikiwa mna mbwa kadhaa, mpe kila mmoja sahani yake na usimame uone. Huenda mwenye nguvu ndiye anayekula cha wenzake.

Akila chakula cha kutosha kwa majuma mawili au matatu na bado uzito unashuka, kosa haliko jikoni.

Minyoo

Nyanda za Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, na udongo hukaa na unyevu sehemu kubwa ya mwaka. Mahali penye kivuli, kama chini ya migomba, viluwiluwi vya minyoo ya safura hustawi vizuri. Humwingia mbwa kwa mdomo au kwa kupenya ngozi ya miguu yake, na watoto wa mbwa huweza kuwapata katika maziwa ya mama yao. Minyoo hao hung'ata utumbo na kunywa damu. Mbwa hukonda, ufizi wake hugeuka mweupe, na kinyesi huweza kuwa cheusi kama lami.

Kuna pia minyoo mviringo, ambao mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa nao, na tegu, ambao huenezwa na viroboto. Ukiona vipande vidogo kama punje za mchele kwenye mkia, hao ni tegu. Si kila dawa ya minyoo huwaua. Uliza iliyo na prazikwanteli.

Watoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia umri wa majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili hadi wafikishe majuma manane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu. Kipimo hutegemea uzito, na ndiyo sababu tulianza na mizani.

Hili ni jambo la afya ya nyumba nzima. Mayai ya minyoo mviringo hukaa udongoni miaka mingi. Mtoto anayecheza hapo na kutia vidole mdomoni huyameza, na viluwiluwi vyake huweza kufika hata kwenye jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Zoa kinyesi cha mbwa kila siku ukitupe chooni cha shimo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Mnyoo wa mavi ya ng'ombe

Nyumba nyingi, hata kando ya mji, zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Penye samadi pana mende wa mavi, na mende huyo huweza kubeba mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, ambaye watafiti wamemchunguza nchini Kenya kwa miaka mingi. Mbwa humpata kwa kula mende, au kwa kula kuku au mjusi aliyemla mende huyo. Mnyoo hujenga uvimbe katika umio, na uvimbe huo baadaye huweza kugeuka saratani.

Dalili yake ni kurudisha chakula punde tu baada ya kukila, bila kujikamua tumbo. Mbwa ana njaa, anakula, lakini chakula hakifiki mbali. Kipimo cha kinyesi huweza kumkosa mnyoo huyu, hivyo mweleze daktari waziwazi ulichokiona.

Kupe

Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa wa damu uitwao erlikiosisi. Viini vyake vilielezwa mara ya kwanza nchini Aljeria mwaka wa 1935. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani huko Vietnam, hasa German Shepherd, jamii inayopendwa sana na wenye nyumba mijini.

Ubaya wake ni kujificha. Homa ya kwanza hupita, kisha mbwa huonekana mzima kwa miezi au hata miaka. Baadaye hukonda, ufizi huwa mweupe, na puani huweza kutoka damu. Ukigunduliwa mapema, dawa ya doksisaiklini kwa majuma yapatayo manne huponya wengi.

Kumwosha mbwa pekee hakutoshi. Kupe huyu hutaga mayai katika nyufa za kuta na za kibanda, kwa hivyo ziba nyufa na unyunyizie humo dawa pia.

Ikiwa mbwa alisafiri hadi bonde la Lambwe, Homa Bay, ambako ndorobo wamejulikana kwa miaka mingi, mwambie daktari. Mbwa mwenye nagana hukonda, na macho yake huweza kufunga ukungu.

Maradhi ya ndani

Mbwa anayekonda huku akinywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida apimwe kisukari na figo. German Shepherd kijana anayekula kwa pupa na kutoa kinyesi kingi, laini, chenye mafuta, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. Huyo hutibiwa kwa kuongezewa vimeng'enya katika chakula maishani mwake mwote.

Kwa daktari

Beba kinyesi kibichi katika chombo safi, karatasi ya uzito, na majina ya dawa alizopewa. Omba kinyesi na damu vipimwe. Hakikisha anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na uulize pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Usinunue dawa ya ng'ombe katika duka la agroveti na kukisia kipimo. Levamisoli kidogo tu kupita kiasi humdhuru mbwa, na ivamektini ya ng'ombe imewaua baadhi yao. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni, ni sumu kwake.

Tahadhari ya mwisho. Ikiwa tabia ya mbwa imebadilika ghafla, anadondokwa na mate au hawezi kumeza, usitie mkono mdomoni mwake kutazama ufizi. Mfungie na uwaite wataalamu wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo.

Dalili ya mvua ni mawingu. Jioni ya leo, mpapase mbwa wako mbavu.